Protini ya Kichupani na Damu ya Magharibi mwa Kenya

Jioni hii hapa Kakamega nitazungumzia kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona, na ambacho hata sisi tunaokitumia hatukioni vizuri.

Huuzwa katika kichupa kidogo cha plastiki, kiasi cha maikrogramu kumi au hamsini. Ukikiinua kichupa kwenye mwanga utaona utando mweupe mwembamba chini kabisa, au hutaona chochote. Ni protini ya binadamu, lakini hakuna binadamu aliyeitoa mwilini mwake. Imetengenezwa na bakteria aliyepandikizwa jeni ya binadamu, ikasafishwa, ikagandishwa na kukaushwa, ikapanda ndege hadi Nairobi, kisha ikaletwa huku kwetu. Lebo yake husema ni ya utafiti tu, si ya kumtibu mtu. Ukoo wa protini hiyo ni kemokini. Nitaeleza kazi yake, lakini hasa nimekuja kutetea jambo moja: namba tunazopata kwa msaada wa protini hizi hazisomeki vizuri mbali na watu waliotoa damu, na kwa hiyo kazi ya kuziuliza maswali, hata kazi ya kuzitengeneza, inafaa ifanyike hapa.

Mtoto akijikata mguu kwa jembe, baada ya saa chache kidonda hujaa chembe nyeupe za damu. Zimejuaje pa kwenda, na mwili una mishipa isiyohesabika? Seli zilizoumia na zile zilizo jirani nazo hutoa kemokini, ambazo husambaa na kunata kwenye kuta za mishipa midogo. Penye kidonda huwa nyingi, mbali nacho huwa chache. Chembe nyeupe ina vipokezi juu ya utando wake, na huelekea upande ambako kemokini inazidi, kama mtu aliyeshuka matatu usiku akafuata harufu ya mahindi ya kuchoma: jiko halioni, lakini harufu inavyozidi ndivyo anavyojua kwamba hajapotea.

Mwili wetu una kemokini zinazokaribia 50, na vipokezi vyake ni kama 20. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani na Uswisi waliitenga ile inayoita nutrofili, askari wa kwanza kufika kwenye maambukizi; leo tunaiita CXCL8, na wengi bado wanaiita interleukini 8. Mwaka uliofuata jeni ya nyingine ilitambuliwa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Hiyo ni RANTES, au CCL5, yenye amino asidi 68 tu, inayoita chembe nyeupe za aina mbili, monosaiti na chembe T. Jioni hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ina historia katika kaunti hizi zetu.

Kwanza niseme inavyotengenezwa, maana humo ndimo mnamojificha hatari nyingi za utafiti wetu. Wagonjwa wa kisukari walio humu ukumbini wanaijua teknolojia hii kwa ngozi zao wenyewe. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha kwamba jeni iliyounganishwa kwenye maabara inaweza kuingizwa ndani ya bakteria Escherichia coli na ikazaliana pamoja naye. Mwaka 1978 bakteria huyo alitengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kutumika kama dawa. Kemokini hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Jeni huingizwa, bakteria hukuzwa kwenye mchuzi wenye joto na hewa ya kutosha, wakapewa ishara ya kuanza kazi, kisha wakapasuliwa ili protini itolewe.

Kutengeneza si mwisho wa kazi. Bakteria akipewa protini ngeni kwa wingi, mara nyingi huirundika ndani yake kama mabonge yasiyoyeyuka. Fundi wa maabara hana budi kuyayeyusha mabonge hayo kwa kemikali kali, protini ikanyooka kabisa, halafu aiache ijikunje upya polepole. RANTES ina amino asidi nne za aina ya sisteini, na lazima zishikane mbili mbili kwa mpangilio wake. Zikishikana vibaya, unapata kitu chenye uzito ule ule, chenye amino asidi zile zile, kisichofanya kazi yoyote. Mizani haitakwambia. Atakayekwambia ni chembe hai. Kwa hiyo tunatumia kifaa kilichobuniwa na Stephen Boyden mwaka 1962: vyumba viwili vilivyotenganishwa na utando wenye matundu madogo, chembe nyeupe juu, kemokini chini, kisha unahesabu zilizopenya. Hapo wanafunzi hushangazwa na jambo moja. Ukiongeza kemokini, chembe zinazopenya huongezeka, halafu hufika mahali zikaanza kupungua. Protini ikiwa nyingi kila upande, hakuna tena upande wenye zaidi, na chembe haina pa kuelekea.

Kuna kisa ambacho kwangu ni cha maana kuliko vyote katika historia ya RANTES ya maabara. Bakteria huanza kila protini kwa amino asidi moja iitwayo methionini, na kwa kawaida huiondoa baadaye. Kwa RANTES hakuiondoa. Huko Geneva, Amanda Proudfoot na wenzake walipoipima protini hiyo yenye amino asidi moja ya ziada, waligundua, na wakachapisha mwaka 1996, kwamba ilikuwa imegeuka. Ilishika kipokezi barabara, lakini haikukiamsha. Ilikaa mlangoni ikaizuia RANTES halisi kuingia. Hebu fikirini: protini yenye amino asidi 69 badala ya 68 ikawa kizuizi cha ile ile iliyokusudiwa kuigwa. Mtu angeweza kununua kitu cha namna hiyo, akakiongeza kwenye chembe za mgonjwa, akaona hakuna kinachotokea, akaandika kwamba wagonjwa wa Kenya hawaitikii RANTES. Kosa lingekuwa la kichupa, na lawama ingebebwa na damu yetu.

Hatari nyingine ni masalia ya ukuta wa bakteria, yaani endotoksini. Kiasi kidogo mno kinatosha kuziamsha chembe nyeupe ziitwazo makrofaji zikamwaga kila aina ya protini za uvimbe. Usipopima endotoksini ndani ya kichupa chako, utaisifu kemokini kwa kazi iliyofanywa na uchafu.

Sasa twende Siaya, jirani zetu hapa kusini-magharibi. Mahali ambapo malaria haikatiki mwaka mzima, mtoto mdogo akizidiwa, mara nyingi hazidiwi kwa kupoteza fahamu bali kwa kuishiwa damu. Wauguzi waliofanya kazi Siaya wanaijua picha hiyo: mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu, viganja vyeupe, anahema haraka, mama anaulizwa kama kuna ndugu wa kumwongezea damu. Vimelea vya Plasmodium falciparum huvunja chembe nyekundu, hilo liko wazi. Lakini uboho wa mtoto ungepaswa kufidia kwa kutengeneza chembe mpya, na kwa wengi haufidii vya kutosha. Kwa nini?

Swali hilo lilifuatiliwa kwa miaka mingi katika hospitali ya Siaya, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na Chuo Kikuu cha New Mexico cha Marekani. Mmoja wa watafiti hao ni Tom Were, aliyekuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro hapa Kakamega. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo kwamba RANTES katika damu ya watoto wenye malaria ilikuwa imeshuka, na kushuka huko kulikwenda pamoja na upungufu wa damu, uchache wa platileti na udhaifu wa kutengeneza chembe nyekundu mpya. Mwaka 2009 walieleza njia mojawapo. Kimelea akila hemoglobini huacha taka nyeusi iitwayo hemozoini. Monosaiti huimeza taka hiyo, na zikishashiba hutoa protini nyingine, interleukini 10, ambayo huifinya RANTES.

Je, walijuaje kwamba imeshuka? Hapa ndipo kile kichupa kinapoingia. Kipimo cha ELISA hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96. Kila kisima kimepakwa kingamwili inayoshika RANTES. Unaweka plazima ya mtoto, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, RANTES inanaswa, unaongeza kingamwili ya pili yenye kubadilisha rangi, na rangi ikikolea unajua protini ni nyingi. Lakini nyingi kiasi gani? Pembeni, katika visima vya safu moja au mbili, umeweka protini ya kichupani kwa viwango unavyovijua, kutoka kikubwa hadi kidogo. Rangi ya mtoto unailinganisha na rangi za safu hiyo. Bila safu hiyo, rangi ni rangi tu. Karibu kila namba ya kemokini iliyowahi kuandikwa kuhusu mtoto wa Siaya, Kilifi au Kampala imeegemea protini ya bakteria iliyojikunja vizuri. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye methionini na sisteini.

Na kuna kazi ya pili ya kichupa, ambayo naiona kubwa zaidi. Kuona RANTES na uboho vimeshuka pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kimekishusha kingine. Ili kujua, lazima uchukue seli changa za uboho, uzikuze, uziongezee RANTES, na uone kama zitageuka kuwa chembe nyekundu kwa wingi zaidi. Protini ya kichupani hapo si kipimo tena. Ni swali linaloulizwa chembe yenyewe.

Kwa upande wa VVU nitapita haraka, ingawa ndiko kemokini zilikopatia umaarufu. Mwaka 1995 kundi la Robert Gallo lilionyesha kwamba RANTES na ndugu zake wawili huzuia virusi kuingia kwenye chembe T. Mwaka uliofuata ikajulikana sababu: virusi hutumia mlango wa RANTES, kipokezi CCR5. Wazungu wachache wamerithi jeni ya CCR5 iliyokatika kutoka kwa wazazi wote wawili, nao hawaambukizwi kirahisi. Badiliko hilo ni adimu sana kwetu. Hata hivyo katika Majengo, Nairobi, kulikuwa na wanawake wafanyao biashara ya ngono ambao walikutana na virusi miaka na miaka bila kuambukizwa, na ulinzi wao haukutoka kwenye jeni hiyo iliyokatika. Mwaka 2005 watafiti waliowafuatilia waliripoti kwamba RANTES ilikuwa juu katika njia zao za uzazi. Maelezo ya Ulaya hayakuwatosha, ikabidi waangaliwe wao wenyewe.

Lakini mfano wenye nguvu kuliko yote uko ndani ya mishipa ya wengi wetu tulioketi humu. Juu ya chembe nyekundu za Mzungu au Mhindi kwa kawaida kuna protini iitwayo Duffy, jina la mgonjwa wa London ambaye damu yake ilifichua kundi hilo mwaka 1950. Wengi wetu wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Magharibi hatuna Duffy kwenye chembe nyekundu. Herufi moja tu imebadilika mbele ya jeni, mahali pa kuiwasha, na kwa hiyo haiwaki katika chembe nyekundu, ingawa inawaka kama kawaida kwenye kuta za mishipa. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba malaria ya Plasmodium vivax hupitia Duffy, na asiyekuwa nayo hulindwa. Sote tuliofundishwa tiba tulikariri hivyo: Mwafrika hapati vivax.

Mwaka 2006 ikachapishwa ripoti kutoka Magharibi mwa Kenya ya ishara za maambukizi ya vivax miongoni mwa watu wasio na Duffy. Miaka michache baadaye Madagascar ikatoa ushahidi wa wagonjwa wa namna hiyo. Sheria iliyokaririwa ilianza kupasuka, na ufa ulionekana huku kwetu.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Mwaka 1993 iligundulika kwamba Duffy ni kipokezi cha kemokini. Chembe nyekundu yenye Duffy hunasa CXCL8, RANTES na nyingine kadhaa kutoka kwenye plazima na kuzishikilia. Chembe nyekundu zetu hazifanyi hivyo. Kwa hiyo plazima ya mtu wa Kakamega na plazima ya mtu wa Oslo si mahali pamoja kwa kemokini, hata wote wawili wakiwa wazima. Mwaka 2009 David Reich na wenzake walionyesha kwamba badiliko hilo hilo la Duffy ndilo sababu kubwa ya watu wenye asili ya Afrika kuwa na nutrofili chache kwenye damu. Mwaka 2017 utafiti mwingine ukaeleza kwamba kukosekana kwa Duffy kwenye seli changa za chembe nyekundu ndani ya uboho hubadilisha namna nutrofili zinavyoumbwa, nazo hutoka upesi kwenye damu na kuingia katika viungo. Si kwamba hatuna askari. Askari wetu hawakai barabarani wakisubiri kuhesabiwa.

Matokeo ya jambo hili hayaishii maabara. Utafiti wa Kericho uliochapishwa mwaka 2008, na mwingine wa Magharibi mwa Kenya mwaka 2011, ulipima damu ya watu wenye afya njema ili kupata viwango vya kawaida vya hapa. Wengi walionekana wagonjwa kwa kipimo cha Marekani ilhali hawana tatizo lolote, na nutrofili zilikuwa miongoni mwa sababu. Kijana aliyekuja kujitolea kwa jaribio la chanjo huambiwa damu yake ina kasoro, akarudishwa nyumbani na wasiwasi asioweza kuueleza kwa mama yake. Mgonjwa wa saratani anaweza kucheleweshewa dawa kwa sababu namba yake iko chini, wakati namba hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo. Jambo hili hunikasirisha, na sioni sababu ya kulificha. Kiwango kisichojua damu yetu huwakwamisha watu wetu kila siku, kimyakimya, kwa karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

Basi nini kifanyike Kakamega? Wapo wanaosema tununue vichupa, tufanye vipimo, inatosha. Kutengeneza protini ni anasa. Naheshimu hoja hiyo, kwa maana fedha za utafiti ni chache na kichupa cha kampuni kinakuja na cheti. Lakini kemokini ni mahali pazuri mno pa kuanzia. Ni ndogo, haihitaji vipande vya sukari ambavyo bakteria hawezi kuvitengeneza ili ifanye kazi, na E. coli hula mchuzi wa bei nafuu. Kinachohitajika ni kitikisio chenye joto, mashine ya kuzungusha, safu za kusafishia, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta ya kuilinda stima ikipotea, na watu wenye subira. Sheria tunayo: Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 iliunda mamlaka ya kuidhinisha kazi kama hii ndani ya maabara zilizofungwa. Na kipimo cha kujilinganisha kipo pia, kwa maana taasisi ya NIBSC ya Uingereza huhifadhi viwango vya kimataifa vya protini za kinga, CXCL8 ikiwemo, ambavyo mtengenezaji anaweza kupima chake dhidi yavyo. Sisemi tuache kununua. Nasema mwanafunzi aliyewahi kuikunja RANTES kwa mikono yake, akaona imekataa, akairudia, hatakiamini kichupa cha mtu mwingine bila kukijaribu.

Na kazi ipo tele. Iguhu, safari fupi kutoka hapa, watafiti wa mbu wameonyesha kwamba wakaaji wa bondeni kando ya Mto Yala huumwa na mbu wa malaria mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa vilimani, ingawa nyumba zao zinaonana. Je, RANTES ya mtoto wa kilimani, anayeugua mara chache, hushuka kama ya mtoto wa Siaya anayeugua mara kwa mara? Je, kwa mtoto asiye na Duffy, CXCL8 isiyonaswa na chembe nyekundu hukaa wapi wakati wa homa, na hukaa muda gani? Haya ni maswali ambayo yanaweza kujibiwa na shahada za uzamili za hapa hapa, kwa idhini ya kamati ya maadili na ya wazazi.

Wanafunzi mtakaoyachukua, nawaachia agizo moja la kazi. RANTES nyingi huwa zimehifadhiwa ndani ya platileti, na damu ikiganda platileti huzimwaga zote. Kwa hiyo msitumie seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda; tumieni plazima. Chupa ya kukusanyia iwe na dawa ya kuzuia kuganda, igeuzwe taratibu bila kutikiswa, na saa ya kuchoma sindano iandikwe juu yake pale pale wodini. Plazima itenganishwe mapema, izungushwe tena ili platileti zilizobaki zishuke, igawanywe kwenye vichupa vidogo vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Kama zahanati yenu haina mashine ya kuzungusha, pangeni kwanza pikipiki na sanduku la barafu, mpime njia inachukua dakika ngapi wakati wa mvua, ndipo mwende kumwomba mama ruhusa ya kumchoma mtoto wake sindano.